Jina Hukaa kwa Aliyelitia

Vijana mnaoingia katika kazi niliyoiacha, mmeniomba niwaeleze namna ya kuuliza jina la kitu ndani ya programu inayoendeshwa na mashine nyingi kwa pamoja. Swali lenu ni dogo, na jibu lake lingeenea katika aya moja. Nitalijibu. Ila sijui kulijibu bila kumtaja Fundi Sefu aliyenifundisha, wala bila kuifikia siku tuliyomzika. Siku hiyo lilihitajika jina moja tu, jina la mama yake, na sisi tuliojitapa kwamba ofisini kwetu hakuna kitu kisicho na jina tulihangaika kulitafuta tangu asubuhi hadi Alasiri.

Tuanze na kazi yenyewe. Lifikirieni bonde la Jangwani, hapa mjini kwetu, wakati wa masika. Wahandisi fulani walitutaka tukokotoe maji yatapanda kiasi gani mvua ikinyesha kwa nguvu hii au ile. Mashine moja ingekokotoa mpaka masika yakapita, kwa hiyo tuliligawa bonde vipande vipande, kila mashine ikachukua kipande chake. Ugumu upo mipakani: maji yanayotoka kwangu yanaingia kwako, nami sina budi kukuarifu. Mashine hizi hazina kumbukumbu ya pamoja. Kinachojulikana na moja hakijulikani na nyingine mpaka kitiwe katika ujumbe na kupelekwa. Kazi ya kupeleka na kupokea hufanywa na maktaba, yaani mkusanyo wa amri ambazo wenzetu wa mbali walikwisha kuziandika, nasi twazitumia tu.

Kila nakala ya programu inayoendeshwa huitwa mchakato. Michakato hukusanywa katika makundi, ya juu ya bonde kundi lake, ya darajani kundi lake, ya karibu na bahari kundi lake, ili inayohusika izungumze bila kuisumbua mingine. Kundi lenyewe limo ndani ya maktaba na huwezi kuliona. Unapewa mpini tu. Na mtu aliyeshika mpini gizani hajui kama ni wa jembe au wa shoka. Ndiyo sababu wenye maktaba walituruhusu kulitia kundi jina, na wakatupa amri ya kuliuliza jina hilo baadaye, wakati programu imeharibika nawe unataka kujua ni nani kati ya wote anayelia.

Amri hiyo hutaka vitu vitatu kutoka kwenu: mpini wa kundi, chombo cha kupokelea jina, na mahali pa kuandikiwa urefu wa jina lililopatikana. Msikikadirie chombo kwa macho. Maktaba yenyewe imetangaza kikomo cha urefu wa jina. Chombo kiwe na ukubwa huo, hata kama jina mnalolitarajia ni fupi kama "Juu".

Aliyejifunza hili kwa aibu ni Deo, kijana mwenzetu aliyetoka bara, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Alitengeneza chombo cha kutosha "Juu", kisha akakitumia kuuliza jina la kundi tuliloliita "Daraja la Jangwani Upande wa Magomeni". Maktaba haipimi chombo chako. Ilimimina jina lote, na lililozidi likamwagikia sehemu iliyopakana nacho katika kumbukumbu ya mashine ile ile, ambamo kimo cha maji kilikuwa kimehifadhiwa.

"Ustadhi!" Deo aliniita, maana ndivyo walivyoniita wote kwa sababu ya sarufi ya Kiarabu niliyoisoma kwa babu yangu. "Ustadhi, njoo uone. Mashine imepagawa. Inasema maji ya Jangwani yamefika hapa ghorofani!"

Fundi Sefu hakuinua uso kutoka kwenye waya aliokuwa akiumenya. "Basi panda juu ya meza, Deo," alisema. "Usije ukalowa."

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Mchafukoge, juu ya duka la Harilal. Baba yake Harilal aliuza vitambaa pale, naye aliuza vitambaa, mpaka ilipofika miaka ile ya kufunguliwa milango ya biashara. Kompyuta ilikuwa kitu cha kuombewa kibali; mara ikawa inashushwa bandarini kwa makontena, mitumba kama mashati. Harilal akaleta. Zilizo nzima zikauzwa haraka; zilizokwaruzika, zenye vioo vyenye ukungu, zenye herufi zilizofutika kwenye vitufe, hazikupata mteja. Hizo ndizo alizompa Sefu.

Sefu alikuwa ameachishwa kazi katika shirika moja la umma lililofungwa miaka hiyo hiyo, ambako alitunza kompyuta moja kubwa iliyokuwa na chumba chake na baridi yake. Alipozipokea zile zilizokataliwa, aliziunganisha kwa nyaya na kuzifanya ziwe mashine moja. Harilal alipoziona zinafanya kazi alisimama mlangoni akitweta, maana ngazi zilimuumiza magoti, akasema, "Sefu, wewe ulikuwa hivi hivi tangu mdogo. Kitu kikitupwa tu, wewe umekiokota." Sefu akamjibu, "Ndiyo maana nimekaa na wewe muda wote huu." Wakacheka wote wawili, nasi tukaona kwamba kicheko hicho kilikuwa cha zamani kuliko sisi.

Siku yangu ya kwanza nilipanda na cheti changu cha hesabu mkononi, nimetoka kufundisha shule ambayo mshahara wake haukuweza tena kulisha nyumba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kusoma au kufanya kazi?"

"Vyote viwili, Fundi."

"Kaa. Kimoja kitakushinda."

Sikushindwa na kusoma wala na kazi. Kilichokaribia kunishinda ni majina. Nilitia jina katika kundi la juu ya bonde nikiwa kwenye mashine iliyo dirishani. Kisha nikaenda kwenye mashine ya pembeni, iliyomo katika kundi lile lile, nikauliza jina. Nikapewa utupu. Angalieni neno hilo: maktaba haikemei wala haitoi kosa. Inakujibu kwa adabu kamili kwamba urefu wa jina ni sifuri. Nikamwendea Fundi nikamwambia mashine ya pembeni ni mbovu.

"Jina ulilitilia wapi?"

"Dirishani."

"Na umeliuliza wapi?"

"Pembeni. Lakini, Fundi, kundi ni moja."

Aliweka chini bisibisi. "Mtu naye ni mmoja. Hapa naitwa Fundi. Bandarini wananiita Mzee Waya. Hari ana jina lake la kuniita, na hilo sikuambii. Nenda bandarini ukamuulize Fundi Sefu, uone kama utaonyeshwa mtu. Jina hukaa kwa aliyelitia, Ustadhi. Usimuulize mwingine halafu ukasema halipo."

Nililielewa kama jambo la mashine, na kwa mashine ni kweli kabisa. Kutia jina ni tendo la mchakato mmoja, wengine hawaarifiwi. Mkitaka wote walijue, kila mmoja alitie kwa upande wake. Baada ya miaka nilijiwekea utaratibu ambao nawaachia: kabla hesabu haijaanza, kila mchakato uulize majina ya makundi yake, uyapeleke kwa mmoja aliyeteuliwa, naye ayalinganishe. Atakayeleta utupu ajulikane mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuuliza.

Na kundi linapotolewa nakala, nakala hiyo hairithi jina. Hata mimi niliona si haki, nikamwambia Fundi kwamba nakala inayorithi wanachama wote na mpangilio wote ingestahili na jina pia. Akasema mtoto naye huzaliwa na pua ya baba na macho ya mama, lakini jina hungojea siku ya saba, mpaka watu wakae wamtie. "Asiyetiwa," alisema, "hana."

Lipo kundi moja ambalo halihitaji kutiwa jina. Ni kundi la wote, ambalo maktaba hulianzisha yenyewe kabla hujafanya lolote, na jina lake imelitia yenyewe. Deo alipenda kulitumia hilo kwa kila kazi, apumzike na shida za majina. Fundi alimkatalia. Alisema jina linalomfaa kila mmoja ni namna ya adabu ya kusema hatukujui.

Sasa ni lazima niseme juu ya uwanja wa nyumba ya utotoni mwa Fundi. Sefu alikulia Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwanja nyuma, familia nyingi zikipika pamoja. Mji ulipoanza kutajirika, nyumba zile zilinunuliwa moja baada ya nyingine na kuangushwa, yakapanda maghorofa yenye maduka chini. Yao nayo iliangushwa. Waliokuwa wakiishi humo walitawanyika Tandika, Mbagala, Magomeni, kila mmoja na godoro lake. Mke wa Sefu alikuwa amekwisha kufariki, na mtoto hawakujaaliwa. Yeye alipanga chumba kimoja karibu na ofisi akabaki mjini. Nilipata kumuuliza habari za wazazi wake. "Baba simkumbuki," alisema. "Mama alinifia nikiwa mdogo." Kisha akaniuliza kama nimekwisha kurekebisha kipande cha darajani, nami nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Alifariki asubuhi moja ya masika, chumbani kwake, baada ya swala ya Alfajiri. Mwenye nyumba alimkuta juu ya mswala amejilaza kwa ubavu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na ilikuwa inanyesha bado.

Wale msiojua mila za pwani niwaeleze, kwa sababu yote yaliyofuata yanategemea hili. Kwetu, maiti akishawekwa katika mwanandani, ule uwazi wa ubavuni mwa kaburi, na kufukiwa, sheikh hukaa upande wa kichwa na kumsomea talkini. Humwita kwa jina lake, akamkumbusha atakayoulizwa na namna ya kuyajibu. Na katika wito huo hatajwi kwa baba. Hutajwa kwa mama aliyemzaa.

Sheikh wa mtaa alikuja kabla ya Adhuhuri, mwili ukioshwa. Aliniita kando barazani.

"Marehemu ni Sefu bin Omari, hilo ninalo. Mama yake?"

Niligeuka kuwatazama waliokuwa barazani.

"Hujui?"

"Nitauliza, Sheikh."

"Uliza upesi. Tunamtoa baada ya Alasiri."

Deo alikuwa amesimama nyuma yangu, suruali imekunjwa, macho mekundu. Yeye si wa dini yetu, na alijitahidi asikosee lolote. "Ustadhi," alininong'oneza, "kwani la baba halitoshi? Si ndilo lililo kwenye makaratasi yote?"

"La baba ni la serikali," nilimwambia. "Kule anakokwenda ataitwa kwa mama yake."

"Basi tumtafute mama."

Tukamtafuta. Nilimuuliza mwenye nyumba. Akasema marehemu alikuwa mpangaji mwema asiye na maneno. Niliwauliza waliosali naye safu moja miaka mingi, wakatazamana. Niliwauliza wanywaji kahawa wa pembeni mwa mtaa, ambao hujua hata mahari ya bibi zenu. Mmoja alisema mama yake alikuwa mtu wa Kilwa. Mwingine akasema, "Kilwa wapi, yule alikuwa wa Mafia." Wakaanza kubishana Kilwa na Mafia, na jina hakuna aliyelitaja. Nilimuuliza fundi redio wa Kariakoo aliyemjua tangu ujana. Akalia, akasema wao walijuana kwa kazi. Kila aliyevaa kofia na kuingia barazani siku ile nilimuuliza.

Mmoja wao alinikumbusha kwamba yupo Bi Mwajuma, bibi mkongwe kuliko wote waliokuwa katika uwanja ule ulioangushwa, na kwamba alihamia Magomeni. Nyumba yake haikuwa na simu. Deo hakungoja nimalize kusema, alitoka mbio.

Magomeni ni karibu. Kutoka Kariakoo unashuka Jangwani, unavuka, unapanda. Deo alirudi Alasiri ikiadhiniwa, amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja hana.

"Maji yamekula barabara, Ustadhi." Alikuwa akitetemeka. "Nimejaribu mara mbili, wamenivuta. Upande wa pili watu wamejaa, nawaona kabisa. Nimewapigia kelele wanitafutie Bi Mwajuma. Nimepunga mikono kama mwendawazimu. Na wao wananipungia."

Hesabu zetu zilikuwa zimetuambia kwamba mvua ya namna ile ikinyesha barabara ile itafunikwa. Zilikuwa sahihi, tena kwa kimo kile kile. Nakumbuka nililifikiria hilo pale barazani, na halikunipa furaha yoyote, wala halikutuvusha.

Nikarudi kwa Sheikh.

"Kidogo tu, Sheikh. Maji yakipungua..."

"Mwanangu, maiti hasubiri jina." Alinishika bega, na hakusema kwa ukali. "Vitabu vimekwisha kutuonyesha njia. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Hawa ni mama yetu sote. Hakuna aibu."

Hakuna aibu, kweli; nilikuwa nimeyasoma hayo hayo kwa babu yangu, katika kitabu kile kile. Tukaondoka.

Harilal alikuwa amefunga duka tangu asubuhi. Alikuwa amekodi pikapu ya kuwachukua wazee wasioweza kutembea na jeneza, na muda wote ule tulipokuwa tukiulizana barazani yeye alikuwa ng'ambo ya mtaa, amesimama kando ya gari chini ya kibanda cha duka la jirani, leso nyeupe mkononi. Aliona kwamba pale ni mahali pa Waislamu na akakaa pembeni kwa heshima. Nilivuka mtaa nikamwendea. Nilimuuliza kama gari lina mafuta. Akasema lina, nikarudi barazani.

Makaburini mvua ilikatika. Harilal alijifunga leso kichwani, akasimama nyuma kabisa karibu na ukuta, pamoja na Deo. Udongo ulikuwa mzito, unashika majembe. Ilipokwisha kufukiwa na kumwagiwa maji, ingawa maji hayakuhitajika, Sheikh alichuchumaa kichwani akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alimwita: ewe Sefu, mwana wa Hawa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, kama inavyopasa. Mtu ambaye hakuacha hata waya mmoja ofisini kwake bila kijikaratasi cha jina, aliitwa kwa jina linalomfaa kila mwanadamu aliyepata kuzikwa. Nilitazama chini. Wengine waliitikia amina.

Baada ya hitima, kisomo cha kumaliza matanga, tulirudi kazini, kwa kuwa wahandisi walikuwa wakingoja. Nilikuwa peke yangu na Deo nilipomsikia Harilal anapanda ngazi, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Deo alimpa kiti. Alikaa akatazama mashine zake zile zilizokataliwa, zote zikiwaka.

"Zinaendelea," alisema.

"Zinaendelea, Hari Bhai," nilimjibu; bhai ni ndugu kwa lugha ya kwao.

Alikunja na kukunjua leso ile ile. "Ustadhi, nikuulize kitu cha dini yenu. Usikasirike."

"Uliza tu."

"Hawa ni nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza ninyi: talkini, mama, na kwamba mama asipojulikana hutajwa mama wa watu wote. Nikamwambia tulivyotafuta, na Deo alivyozuiwa na maji. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kunikodolea macho.

"Asipojulikana?" alisema. "Nani hamjui? Mama yake alikuwa Zuhura. Zuhura binti Mbaraka. Mtu wa Kilwa."

Deo alishika ukingo wa meza.

"Uwanja wao ulipakana na ua wa duka letu la kwanza, kule Kariakoo," Harilal aliendelea, na sasa alikuwa akisema haraka. "Mimi na Sefu tulipita chini ya bati. Mama Zuhura alikuwa anakaanga bajia za kuuza. Alikuwa na karai dogo, pembeni, haruhusiwi mtu kuligusa. Alikuwa akisema, hili la Hari, halijaonja samaki. Mama yangu mwenyewe alikwenda akaliona, ndipo akaniruhusu kula. Alipofariki, nilikuwa mlangoni nikimwona Sefu anatolewa nje ameshikwa mkono. Nani hamjui Zuhura?"

"Hari Bhai," nilisema, "kwa nini hukusema pale?"

"Niseme mbele ya sheikh?" Macho yalimjaa machozi. "Mimi, Baniani, nisimame makaburini kwenu nimwambie sheikh amekosea jina? Nilisikia Hawa, Hawa, nikajiambia, labda mmekosea, labda ndiyo dua yenyewe ilivyo. Nikaona aibu. Tangu siku ile silali vizuri." Akanitazama. "Na mlikuwa mnatafuta? Toka asubuhi? Nilikuwa pale, Ustadhi. Hamkuniuliza."

Deo alisema, "Sisi tuliwauliza wenye kofia," kisha akatoka nje kwenye roshani akabaki huko.

Harilal ndiye aliyeinuka kwanza. "Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwake. Nenda ukamwambie sasa."

Vijana wangu, mimi ni mtu niliyefundishwa kutosema nisilolijua. Talkini husomwa wakati wa kuzika. Sikupata kusoma popote kwamba hurudiwa siku zikishapita, na wako wanazuoni wasioikubali talkini yenyewe kwa asili yake. Nilimweleza hayo tukiwa ndani ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sijui vitabu vyenu. Wewe umepata kusoma popote kwamba mtu anakatazwa kumwita rafiki yake?"

Nikasema sikupata kusoma kwamba anakatazwa.

Makaburini palikuwa na jua. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kushuka na kupasuka kwa juu. Harilal alitaka kusimama ukutani tena, nami nikamshika mkono nikamleta mpaka kichwani. Nilimnong'oneza asome anachotaka. Alijifunga leso. Alivua viatu, jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye, na soksi zake nyeupe zikazama katika tope.

Hakusoma lolote. Aliinama kidogo, akaweka kiganja kando ya mdomo, na kwa sauti ya juu, ya mtu anayeita kutoka upande wa pili wa ua, akaita:

"Sefu wa Zuhura! We Sefu wa Zuhura!"

Mtu mmoja aliyekuwa akisoma Yasini mbali aligeuka kututazama. Kunguru waliruka kutoka ukutani, wakatua tena. Harilal alibaki ameinama vile vile, kiganja bado mdomoni, sikio amelitega.

"Ndivyo mama yake alivyomwita," aliniambia. "Uwanjani walikuwepo akina Sefu wawili."

Hatimaye alinyooka, akanigeukia uso wake uliolowa, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mteja anayeulizia mzigo wake:

"Imefika?"

Nilikuwa na Kiarabu cha babu yangu na hesabu za chuo, na yote mawili niliyapekua pale nikiwa nimesimama.

"Sijui, Hari Bhai," nilisema.

Akaita tena.